Taa ya zambarau ilinilia pesa

Watu wangu wa Kisauni, kabla hujanunua hiyo taa ya zambarau unayoiona TikTok ati inaotesha mboga chumbani, nisikize kwanza. Mimi nilinunua.

Twaishi Mjambere, chumba kimoja, mamangu, dadangu mdogo na mimi. Dirisha latazama ukuta wa jirani, jua hatulioni. Nje kuna kuku, na mbuzi wasio na adabu. Mamangu auza mboga, na tungule zikipanda bei wateja humuona yeye ndiye mwizi. Nikamwambia nipe 1,500, nitakuoteshea miche humu humu ndani. Akatoa pesa ya tokeni. Hakuuliza sana, na hiyo ndiyo yaniuma mpaka sai.

Taa ikaja. Chumba kikawa kama klabu, jirani akagonga kuuliza kama tuna sherehe. Dadangu akashindwa kufanya kazi ya shule, manake kila kitu kwenye daftari kilikuwa rangi moja. Na miche? Ikarefuka kama nyuzi, myeupe, ikalala chini. Taa nilikuwa nimeining'iniza darini, karibu mita 2 kutoka kwa trei ya mayai niliyopandia.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwanga wa balbu hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara 2, unaofika ni kama robo tu. Mche ukikosa mwanga huukimbilia, ndiyo unarefuka bila nguvu.

Zambarau yenyewe si uongo. Majani hutumia sana nyekundu na buluu. Lakini taa nyeupe ya LED inazo zote mbili, na kijani pia, ambayo mmea waitumia vilevile. Ile rangi haikusumbua miche, ilitusumbua sisi. Kama walala, wapika na kusoma chumba hicho hicho, chagua taa ambayo binadamu pia aweza kuishi nayo.

Sai natumia balbu 2 nyeupe za wati 9, zile zimeandikwa 6500K kwenye boksi. Ziko sentimita 15 juu ya miche, na nazipandisha ikikua. Zawaka saa 14, halafu nazima. Hiyo ni kama robo uniti ya stima kwa siku, uniti 7 na nusu kwa mwezi. Dadangu asoma hapo hapo kando. Na mbegu ya tungule kabla haijaota usiiwashie kitu, huota hata gizani, joto letu latosha.

Kuna mtu ataniambia jua la Mombasa ni bure, karibu saa 12 kila siku mwaka mzima. Kweli kabisa. Kama una paa la kupanda au dirisha la maana, usinunue taa yoyote. Mimi sina.

Miche 14 ishatoka nje, iko kwa ndoo kuukuu za rangi. Mbuzi amekula 2. Zile 1,500 mamangu bado anidai. Nimemwambia nitamlipa kwa tungule, akacheka, akasema tokeni hazinunuliwi kwa tungule.