Kulala Garini Katika Njia ya Nullarbor

Barabara Kuu ya Eyre hutoka mji mdogo wa Norseman, katika jimbo la Australia Magharibi, ikapita ukingoni mwa uwanda wa Nullarbor kuelekea mashariki. Jina la uwanda huo limeundwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "hapana mti", ingawa barabara yenyewe hupita upande wa kusini, na vichaka na miti mifupi huonekana mahali pengi. Kutoka Norseman hadi Ceduna ni karibu kilomita 1,200. Kati ya Balladonia na Caiguna ipo sehemu ya kilomita 146.6 isiyokuwa na kona hata moja.

Wasafiri hutegemea vituo vya njiani viuzavyo mafuta, chakula na mahali pa kulala: Balladonia, Caiguna, Cocklebiddy, Madura, Mundrabilla na Eucla. Gridi ya umeme haifiki huko. Vituo hujizalishia umeme wao wenyewe, aghalabu kwa jenereta za dizeli. Mwenye gari la petroli huweza kulipita jambo hilo bila kuliona. Mwenye gari la umeme hana budi kulifikiri kabla ya kuondoka nyumbani.

Giza likiingia, kangaruu na wale ndege wakubwa waitwao emu hukatiza barabarani, na kumgonga kangaruu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni ajali ya kutisha. Kwa hiyo wenye busara husimama jioni. Baadhi yao hukunja viti vya nyuma, wakatandika godoro na kulala mle mle garini. Gari la umeme lafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa laweza kupasha joto au kupoza hewa usiku kucha pasipo injini kunguruma wala moshi wenye sumu kuingia ndani.

Lakini joto hilo hutoka katika betri ile ile itakayovuta gari asubuhi. Tuchukue gari lenye betri ya uniti 60, yaani uniti zile zile zinazosomwa katika mita ya nyumbani. Katika barabara kuu hutumia karibu uniti 20 kwa kila kilomita 100, na upepo wa mbele ukivuma hutumia zaidi. Toka Balladonia hadi Caiguna, kilomita 182, zitakwenda kama uniti 36. Usiku wa baridi, kupasha joto kwa saa kumi huweza kula uniti tano hadi kumi. Uniti kumi ni kilomita 50, na hakuna kijiji cha kukimbilia zikipungua.

Na baridi ya huko si ya kudharau. Mwezi Agosti 2008 ilipimwa nyuzi 7.2 chini ya sifuri huko Eyre, pwani iliyo kusini ya Cocklebiddy. Betri iliyolala katika baridi ya namna hiyo hutoa umeme kwa shida, na hata kuichaji huenda polepole mpaka ipate joto. Blanketi nzito na mfuko wa kulalia havili uniti hata moja.

Kando ya barabara zipo sehemu za kupumzikia zinazoruhusu kulala bure, tena nyota za huko ni za ajabu. Ila hazina soketi. Msafiri aliyejaza betri mchana, akaendesha kilomita 100 kisha akalala hapo, huamka na betri iliyopungua mara mbili: kwa mwendo na kwa usingizi. Ni afadhali alipe kiwanja cha kambi kituoni na kuchomeka waya. Soketi ya kawaida ya Australia, ya ampea 10, hutia betrini kama uniti 20 kwa saa kumi. Ile ya ampea 15 itumiwayo na misafara ya nyumba za magurudumu hutia kama 30. Hizo ni chache, lakini hupatikana mtu akiwa amelala, na joto la usiku halimpunguzii akiba ya jana.

Siku hizi vipo pia vituo vya kuchaji kwa kasi, ambavyo serikali ya jimbo imevieneza toka Kununurra kaskazini hadi Eucla. Huko Caiguna, mwaka 2022, iliwekwa mashine inayochaji magari kwa jenereta iendeshwayo na mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi. Hata hivyo mashine moja huweza kuharibika, au kukutwa na foleni. Anayefika akiwa na umeme wa kumfikisha kituo kinachofuata ndiye alalaye kwa raha.

Adabu nayo ina nafasi yake. Jenereta hiyo hiyo ndiyo iwashayo jiko na majokofu ya kituo, kwa dizeli iliyoletwa kutoka mbali. Haifai kuchomeka waya kimyakimya ukutani. Huulizwa kwanza, na hulipwa.

Saa pia huchanganya. Cocklebiddy, Madura, Mundrabilla na Eucla hufuata saa yao wenyewe, iliyo mbele ya saa ya Perth kwa dakika 45. Anayekwenda mashariki, akidhani amefika saa moja na robo jioni, ataambiwa kwamba ni saa mbili kamili, na huenda mwenye kutoa ruhusa ya soketi amekwisha kufunga ofisi.