Kinyonga wa Derema

Washairi wetu wamemtendea kinyonga isivyo haki. Kila tutafutapo mfano wa mtu asiye na msimamo, rafiki wa jua na wa mvua pia, huyo ndiye tunayemburura hadi ndani ya ubeti. Watoto humrushia mawe. Wakubwa humwepuka njiani kwa hofu wasiyoweza kuieleza. Na Wabantu wengi, hasa wa kusini mwa bara letu, husimulia kuwa ndiye aliyetumwa awaletee wanadamu habari ya uzima, akajikokota njiani hata mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Basi nilistaajabu, mpenzi msomaji, mjukuu wangu wa miaka 11, aliyezaliwa na kukulia Berlin, aliponiambia kwamba katika wanyama wote wa kufugwa nyumbani anamtaka huyo.

Tena si kinyonga yeyote. Alimtaka wa Muheza, maana amesikia kwamba babu yake, ingawa ni mtu wa Unguja, alisomesha huko miaka mingi, na kwamba baba yake ndiko alikozaliwa. Kiswahili chake ni cha kuamkia na kuombea maji. Neno kinyonga, hata hivyo, hulitamka sawasawa, kwani amelikuta vitabuni: mwaka 2006 wanasayansi walipowatenga baadhi ya vinyonga wa misitu ya milima yetu katika jenasi yao wenyewe, waliiita Kinyongia, kwa lugha yetu. Sikuwa na moyo wa kumkatalia upesi.

Atokaye Muheza, mji wa machungwa, kupanda Amani huliacha joto la pwani nyuma yake kidogo kidogo, mpaka afike penye mashamba ya chai, msitu na ukungu. Huko ndiko kwao kinyonga wa Derema. Dume lina pembe tatu usoni, jike halina hata moja, na wote wawili wana mgongo uliosimama kama tanga la dau. Paul Matschie wa Berlin alimpa jina lake la kitaalamu mwaka 1892, kwa kufuata jina la mahali hapo. Mwaka huo huo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona ua dogo la zambarau katika nchi hizi hizi, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia, na leo limejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Mjukuu wangu analo moja. Hoja yake ikawa nyepesi: ikiwa ua limeweza kuhama, kwa nini kinyonga asiweze?

Ua lile huzaliwa upya kwa jani moja tu lililochomekwa udongoni. Kinyonga ana masharti mengine. Maji ya kisahani hayatambui; hungoja matone yanayoteleza juu ya majani, na asiyenyunyiziwa hukauka huku bakuli limejaa mbele yake. Hutaka ubaridi wa usiku, hewa ipitayo, taa yenye miale ya urujuanimno ambayo bila hiyo mifupa hulainika, na nyenje waliopakwa unga wa kalisi. Kumwona kinyonga mwenzake humsumbua, seuze mkono wa mtoto. Na zile rangi tunazomsimanga nazo si unafiki hata kidogo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walionesha mwaka 2015, kwa kumchunguza kinyonga wa Madagaska, kwamba hutokana na fuwele ndogo mno ndani ya ngozi, zinazosogeleana au kuachana kwa kadiri ya utulivu au ghadhabu yake. Kumbe anatangaza moyo wake waziwazi kuliko wengi wetu! Ugonjwa tu ndio anaouficha, na anayeanza kufuga, akija kuona macho yamezama na kufumba mchana, aghalabu amekwisha kuchelewa.

Kuna na jambo la asili yake. Kwa miaka mingi vinyonga wa Tanzania walikamatwa msituni na kusafirishwa ng'ambo kwa vibali, wakifika wamechoka, matumbo yamejaa vimelea. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Juni 2022 ulitangazwa kufunguliwa kwa miezi sita, lakini mlango haukukaa wazi, ukafungwa tena. Mimi nauona uamuzi wa 2016 kuwa wa haki, ingawa uliikata riziki ya vijana waliokuwa wakiwatafuta usiku kwa ujira mdogo. Auzwaye leo Berlin huenda kazaliwa mikononi mwa mfugaji, huenda la. Mnunuzi aulize karatasi zake kabla hajauliza bei.

Basi achague nani? Kobe nilimkatalia. Sisi wa Unguja tunawajua wale wa Changuu, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kobe ni mnyama wa kurithishwa. Nyoka wa mahindi wa Marekani, ambaye wajuzi humsifu kwa upole, mama mtu hakutaka hata kumsikia, na mjadala wake ukaishia hapo.

Nikamtajia mjusi wa madoa ya chui, ambaye asili yake ni nchi kame za mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini mwa India, na ambaye wafugaji wamemzalisha vizazi kwa vizazi. Hulala mchana, akaamka magharibi, mtoto akisha kurudi shule. Ana kope, tofauti na mjusi kafiri wa kuta zetu anayejifuta jicho kwa ulimi. Hutosheka na sanduku la kioo lenye upande wa joto la digrii 30 na kitu na upande wa ubaridi, pamoja na pango lenye unyevu la kujivulia ngozi. Mkia wake ni ghala la mafuta, hivyo akianza kudhoofu hata mtoto huona kuwa mkia umekonda. Huweza kuishi miaka 15, hata 20.

"Lakini huyo si wa kwetu, Babu."

Ni kweli, si wa kwetu. Wa kwetu yuko Amani, katika hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997. Usiku hulala kwenye ncha ya tawi, rangi imempauka, hata mtoto mwenye tochi humwona. Hayo nilimwambia. Sikumwambia kwamba nauli ya kumfikisha huko baba yake hakuipata mwaka jana, na mwaka huu pia sioni dalili. Nadhani anajua.

Sanduku limekwisha kununuliwa, na mjusi bado. Nilishauri lipashwe moto wiki nzima likiwa tupu, kipima joto kimoja upande huu na kingine upande ule. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule huniandikia tarakimu mbili, moja ya joto na moja ya baridi, na kando yake majina ya pande hizo kwa Kiswahili.