Ugonjwa Ulikuwa Mifupani

Namshukuru Mungu naandika haya nikiwa hai, na ngozi yangu ikiwa bado imelegea: shingo imeshuka, mashavu yameshuka, ndewe za masikio zinaning'inia hata hereni siziwezi.

Yalinianza nikiwa na miaka 40, na haukupita muda mrefu nikawa na sura ya ajuza. Nikiibana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, inabaki imejikunja. Mimi ni fundi cherehani, lastiki iliyochoka naijua. Ngozi yangu ilikuwa hivyohivyo. Mapokezini katika hospitali moja walimuuliza dada yangu, aliyenizidi miaka minane, "Mama yako anasumbuliwa na nini?" Dada alishindwa kujibu, akalia palepale. Mtaani wengine walisema nimerogwa, wengine kwamba nina virusi naficha. Nilikopita kutafuta tiba nilipewa losheni.

Aliyenifungulia njia ni daktari wa ngozi aliyesomea hospitali ya KCMC, Moshi. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: mkojo wako una povu? Ulikuwa nalo, na miguu ilikuwa inavimba jioni. Akakata kipande cha ngozi kikapimwe. Nyuzi za elastini, zile zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi, zilikuwa zimekatikakatika. Akaagiza protini za damu zitenganishwe, na humo ikaonekana kingamwili ya aina moja tu, imejaa kupita kiasi. Nikapelekwa kwa daktari wa damu, nikachomwa nyongani kutolewa uboho ulio ndani ya mfupa.

Kumbe seli za plazima ndani ya uboho, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, kundi lake moja lilikuwa limeasi. Lilimwaga protini yenye kasoro bila kukoma, nayo ikawa inatuama kwenye ngozi na kwenye figo. Mapafu nayo yana elastini, kwa hiyo yakapigwa picha. Yalikuwa salama, na siku hiyo nilishukuru kwa sauti.

Ili kulidhibiti kundi hilo la seli, nilichomwa sindano za dawa ya bortezomibu tumboni, pamoja na vidonge vya deksamethasoni. Siku za vidonge usingizi sikuupata kabisa. Vidole vilishikwa ganzi hata uzi siuhisi, binti yangu akawa ananitungia sindano ili oda za wateja zisilale. Gharama zilitutoa jasho. Dada aliuza kiwanja chake, na mpaka leo hataki nimtajie jambo hilo.

Sasa protini ile haionekani tena kwenye kipimo, povu limekwisha, figo zinafanya kazi. Ngozi haijarudi, na niliambiwa mapema kwamba elastini ikishaharibika mwili wa mtu mzima hauitengenezi upya ipasavyo. Daktari wa upasuaji yuko tayari kuipunguza ngozi iliyozidi, ila protini ikipanda tena ngozi itashuka upya. Tumekubaliana kwanza damu itulie, na kila baada ya miezi mitatu naenda kupima.