Kolkata: Gari la Wasichana

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Kolkata, nchini India, pita barabara ya Bidhan Sarani. Mkabala na bustani ya Hedua utaliona jengo la Chuo cha Bethune. Simama ulitazame lango lake. Safari fupi ya binti kutoka nyumbani hadi lango kama hilo iliwagharimu Wabengali miaka mingi ya mabishano.

Bethune, ofisa wa Kiingereza, alifungua shule yake mjini humo tarehe 7 Mei, 1849, ikiwa na wasichana 21. Wakati ule wengi waliamini kuwa mwanamke akijua kusoma atafiwa na mumewe. Mwanachuoni Madan Mohan Tarkalankar alipowapeleka binti zake wawili, watu wa jamii yake walimtenga.

Binti wa nyumba ya heshima hakuonekana njiani. Kwa hiyo shule iliweka gari la farasi la kuwachukua. Katibu wake, Ishwar Chandra Vidyasagar, aliandikisha ubavuni mwa gari hilo maneno ya Kisanskriti kwamba binti naye alelewe na kuelimishwa kwa uangalifu. Wapinzani walijibiwa kwa maandiko yao wenyewe. Mwaka 1883, Kadambini Basu na Chandramukhi Basu wakapata shahada, wanawake wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Calcutta.

Lakini shule ya Bethune ilianzishwa kwa ajili ya Wahindu. Mwislamu Rokeya Sakhawat Hossain, aliyefundishwa kusoma na kaka yake usiku, wakubwa wakiwa wamelala, alifungua yake mjini humo mwaka 1911, akiwa mjane, kwa wanafunzi wanane. Naye alihitaji gari. Kwa ajili ya utawa lilizibwa pande zote, watoto wakazimia kwa joto. Alipoweka mapazia, upepo uliyapeperusha. Zikaja barua za lawama. Mama huyo hakufunga shule. Aliishughulikia hadi alipofariki mwaka 1932, na hata leo ipo, katika barabara ya Lord Sinha.

Basi, ndugu mzazi, kesho alfajiri utakapomwona binti yako akikimbilia basi, daftari mkononi na uso wazi kwa upepo, kumbuka kuwa wapo watoto waliozimia garini kwa kuitafuta elimu hiyo hiyo. Usimcheleweshe kwa kazi za jikoni.