Nusu Sekunde

Ukifungua albamu za zamani katika nyumba nyingi za Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, utawakuta watoto wamesimama wima kando ya kigoda, mikono imenyooka, macho yamekodolewa kwenye lenzi kana kwamba wanasubiri kudungwa sindano. Watu husema watoto wa zamani walikuwa na adabu. Mimi nadhani adabu inasifiwa kwa kazi iliyofanywa na chombo. Daguerre alipotangaza njia yake ya kupiga picha mwaka 1839, sahani ilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, na hata mbinu zilipoboreshwa kina mama wa Ulaya waliendelea kujifunika shuka, wakageuka mfano wa kiti ili wamshikilie mtoto asitikisike. Kamera za studio zilipofika pwani yetu zilikuwa zimeshapata kasi kuliko hizo za mwanzo, lakini zilisimama juu ya miguu mitatu, taa zake hazikuhama, na kila picha ilikuwa na bei. Mtoto alilazimika kuifuata kamera, kwa sababu kamera haikuweza kumfuata mtoto. Mimi ni wa kizazi kilichoanzia kwenye mkanda wa picha 36, kikapitia kamera ndogo za kidijitali na kufika kwenye simu. Kila nikirudi kuyapima mabadiliko hayo naona yanazunguka jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: muda unaopita kati ya kidole kubonyeza na picha kunaswa. Kamera ndogo ya mfukoni ilikuwa na kipaji cha kuufupisha muda huo tangu ilipozaliwa, ikakipoteza kwa takriban miaka kumi na mitano, kisha ikakirudisha pale ambapo wanunuzi walikuwa wanaondoka. Anayetafuta leo kamera ya kumpigia mtoto asiyetulia akianzia hapo hatapotea sana, na akianzia mahali pengine popote ana hakika ya kukasirika.

Ushahidi wa kipaji hicho ni mkongwe. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa 1894, alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na moja mwaka 1905 alipomnasa binamu yake Bichonnade akiruka ngazi za nyumba yao Paris, miguu yote miwili hewani na sketi imejaa upepo. Leica ilipoanza kuuzwa 1925, ikitumia mkanda ule ule wa sinema wa milimita 35, kamera iliyoenea kiganjani ikawa chombo cha kweli cha kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1930 mpigapicha Helen Levitt akaingia nayo katika mitaa ya New York akiwapiga watoto wanaocheza barazani, wanaopanda kuta na kuchora ardhini kwa chaki. Mwaka 1943 jumba la sanaa za kisasa la mji huo, MoMA, likazifanyia maonyesho picha zake za watoto. Kamera ya Levitt haikuwa na akili yoyote ndani yake. Haikupima umbali, haikuamua mwanga, haikutambua uso wa mtu. Mpigaji alipanga kila kitu mapema, na kilichobaki kwa kidole ni kufungua shata, kazi ya chuma na springi isiyochukua muda wa kuhesabika. Hesabu yake haimtishi mtu. Lenzi ya milimita 28 kwenye mkanda wa 35, tundu likiwa f/8 na umbali ukipangwa kama mita tatu na robo, huonyesha vizuri kila kitu kuanzia mita 1.6 hivi hadi upeo wa macho. Mtoto akija mbio, akirudi nyuma, akizunguka mwembe, yote yamo ndani ya eneo hilo, na hakuna haja ya kulenga tena. Waliotengeneza Olympus XA2 mwaka 1980 walilielewa jambo hili kwa undani unaonigusa mpaka leo: kamera ile ilikuwa na alama tatu tu za umbali, na kila ulipofunga kifuniko chake ilijirudisha yenyewe kwenye alama ya katikati, ili safari nyingine ukiitoa mfukoni iwe tayari kabla hujafikiri.

Kupotea kulianza kwa nia njema. Mwaka 1977 Konica ilitoa C35 AF, kamera ya kwanza ya kuuzwa kwa wingi iliyojilenga yenyewe, na ndani ya miaka michache karibu kila kamera ndogo ilikuwa inajilenga. Hilo liliwasaidia mamilioni ya watu ambao picha zao zilikuwa zinatoka na ukungu, na sioni sababu ya kulilaumu. Nyingi za kamera hizo za mkanda zilipima umbali kwa mwali usioonekana na kusogeza lenzi mara moja, hivyo kuchelewa kulikuwa kidogo. Msiba ulikuja na kamera za kidijitali, zile zilizofuata Casio QV-10 ya 1995 iliyowazoesha watu kutazama picha kwenye skrini nyuma ya kamera. Nyingi kati ya hizo zilitafuta ulengaji kwa kupeleka lenzi mbele na nyuma zikilinganisha ni wapi taswira ina makali zaidi, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Baada ya hapo zilipima mwanga, zikapanga rangi, zikaifuta taswira iliyokuwa inaonekana kwenye skrini na kuanza upya kukusanya mwanga wa picha yenyewe. Na ikiwa kamera imewekwa kuzuia macho mekundu, taa ndogo ilimulika kwanza, kwa sekunde nzima hivi, kabla ya mmweko wenyewe. Jumla ikafika nusu sekunde mchana, na usiku ikapita sekunde. Mtoto anayekimbia mita tatu kwa sekunde, mwendo wa kawaida kabisa wa mtoto wa miaka mitano akifukuzwa na mwenzake, huwa amehama mita moja na nusu kabla picha haijanaswa. Ndiyo maana diski za nyumbani za miaka ya 2000 zimejaa visogo, magoti yaliyokatika na vipande vya nyasi mahali ambapo mtu alikuwapo. Kinachoniuma ni kwamba kazi kubwa ya kulenga haikuhitajika. Kihisi cha kamera zile kilikuwa kidogo kama ukucha wa mtoto na lenzi yake fupi mno, kiasi kwamba ikipangwa kwenye mita mbili na nusu ingeonyesha vizuri karibu kila kitu kutoka mita moja na ushee hadi mbali kabisa. Kamera ilimkosa mtoto ikitafuta kitu ilichokuwa nacho tayari.

Wakati huohuo madukani tulifundishwa kuhesabu vitu vingine: megapikseli tatu, kisha tano, kisha kumi na mbili, na zumu ya mara kumi. Namba hizo zilikuwa rahisi kuandika kwenye boksi. Kuchelewa hakukuandikwa, na mnunuzi aliyejaribu kamera kaunta kwa kumpiga picha muuzaji aliyetulia hakuweza kukuona. Zaidi ya hayo, namba zilizosifiwa zilifanya hali ya ndani ya nyumba kuwa mbaya zaidi, na ndani ya nyumba ndiko nusu ya utoto inakopita. Chumba cha kawaida chenye taa moja, kwa lenzi ya f/2.8 na wepesi wa ISO 100, kinadai shata ikae wazi karibu thumuni ya sekunde, na mtoto wetu wa mita tatu kwa sekunde hutembea zaidi ya sentimita 35 katika muda huo. Hiyo si picha tena, ni moshi. Ukipandisha ISO mpaka 1600 shata inafika 1/125, ambapo anasogea sentimita mbili na nusu hivi. Picha bado imecheza kidogo kwenye mikono, lakini uso unasomeka ikiwa mtoto anacheza mahali pamoja. Kwa mtoto wa mbio halisi 1/500 ndiyo inayotuliza kila kitu, kwani hapo anasogea milimita sita tu. Sasa, kihisi kidogo kilichosongwa na megapikseli nyingi kilipandishwa ISO na kutoa picha ya changarawe, na zumu ndefu ilibana tundu la lenzi pale tu mwanga unapohitajika. Tulinunua vilivyotuangusha, tena tukavilipia zaidi.

Marekebisho yalikuja kimyakimya. Ricoh, ambayo tangu GR1 ya mkanda mwaka 1996 ilikuwa na hali ya kuruka ulengaji na kupiga kwa umbali uliopangwa, iliuleta mtindo huo kwenye kamera zake za kidijitali za GR: bonyeza mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja na lenzi inakwenda moja kwa moja kwenye umbali uliouchagua. Mwaka 2012 Sony ilitoa RX100, iliyoingia mfukoni ikiwa na kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, eneo linalozidi mara nne lile la kamera ndogo za kawaida, na lenzi inayoanzia f/1.8. Mfano wake wa tano, wa 2016, ulipima ulengaji kwa nukta 315 zilizomo kwenye kihisi chenyewe na kupiga picha 24 kwa sekunde. Kupapasa ukuta kukaisha. Lakini soko lilikuwa linakauka: mwaka 2010 dunia ilipokea kamera ndogo zaidi ya milioni 100, na kufikia 2023 idadi ilikuwa chini ya milioni mbili. Chombo kilipona mnunuzi akiwa ameshahama.

Alihamia kwenye simu, na hapa ndipo pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu linaposimama. Simu nzuri huendelea kunasa taswira tangu unapofungua kamera, inazihifadhi kwa muda mfupi, na ukigusa kitufe inakupa ile iliyokuwapo wakati huohuo, kwa hiyo kuchelewa kunakaribia sifuri. Nakubali bila kinyongo: kwa mtoto uwanjani saa nne asubuhi, simu imetimiza kile ambacho kamera ndogo za 2003 hazikuweza, na anayepiga picha za mchana pekee abaki na simu yake na pesa zake. Ila jua likizama simu hubadilisha mbinu. Inapiga taswira kadhaa mfululizo na kuzipanga moja juu ya nyingine ili kupunguza changarawe. Ukuta unatoka safi, na mkono wa mtoto unakuwa mikono mitatu ya kivuli. Lenzi kubwa na kihisi kikubwa vinakupa mwanga huo kwa mara moja, na muda mmoja uliogandishwa hauna mshindani.

Wengine husema piga mfululizo, picha kumi kwa sekunde, kisha uchague. Inasaidia, lakini kati ya picha na picha mtoto anasogea sentimita 30, na mfululizo wenyewe unaanza baada ya kuchelewa kwa kamera, kwa hiyo kamera inayochelewa itakupigia picha arobaini za kisogo. Tena kuchagua ni kazi, na wazazi wengi waliochoka hawaifanyi. Video ina shida nyingine: ndani ya nyumba shata yake mara nyingi hukaa karibu 1/50, na fremu moja ya 4K ina megapikseli nane zenye mchezo ule ule wa mikono. Mmweko nao ni jibu la kweli kwa umbali wa mita mbili tatu, maana mwanga wake hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde na hugandisha chochote. Unaua hali ya chumba na unahitaji muda wa kujaa tena, lakini anayeutumia azime kwanza ile taa ya macho mekundu, na atarudishiwa sekunde nzima aliyokuwa anaibiwa. Anayeniambia nimwamuru mtoto atulie namrudisha kwenye albamu ya kigoda. Mtoto aliyeambiwa atulie anafanya uso wa kuambiwa atulie, na miaka ishirini baadaye familia itautafuta uso ule mwingine isiupate.

Kwa hiyo mnunuzi wa leo, hasa yule anayezipekua kamera zilizotumika, maana vijana sasa wanazirudisha sokoni zile za miaka ya 2000 kwa kupenda rangi zake bila kujua alichokuwa anakilalamikia mama yao, apuuze megapikseli. Kumi zinatosha kwa picha ya ukutani. Zumu asiihofie, ila ajue kwamba RX100 ile ile inayoanzia f/1.8 hufika f/4.9 ikivutwa mpaka mwisho, yaani inapoteza mwanga zaidi ya mara saba, na kusogea hatua mbili mbele ni bure. Kisha afanye jaribio moja kabla hajatoa pesa. Afungue saa ya kuhesabu kwenye simu, ile inayoonyesha sehemu za mia za sekunde, aiweke kaunta, na abonyeze kamera namba zinapofika 10.00. Atazame picha. Ikisomeka 10.15, kamera na kidole chake wanaelewana. Ikisomeka 10.70, airudishe kabatini. Arudie akiwa amebonyeza nusu kwanza ili ulengaji uwe tayari, kisha bila kubonyeza nusu, kisha aombe kuipeleka simu kwenye kona ya duka isiyo na taa, kwa sababu huko ndiko kamera nyingi zinakofichua umri wake.