Mbwa wa Vichaka vya Mgori

Nilipokuwa mdogo, Mgori hapakuwa na mtu aliyeuliza mbwa ni wa mbegu gani. Aliulizwa mama yake. Majike mawili matatu kijijini yalijulikana kwa kuzaa mbwa wa kazi, na mtoto wa jike kama hilo alikuwa ameshapata mwenyewe kabla hajafumbua macho. Baba hakutajwa, maana hakuna aliyekuwa na uhakika naye.

Kwa asiyefika huko, Mgori iko mashariki ya mji wa Singida, upande wa kuelekea Kondoa. Mashamba ya uwele na mtama yanapokoma unaanza msitu wa miombo. Katikati umekaa ukanda wa vichaka: vikwata vyenye miiba ya ndoano, mikole, migunga mifupi, na nyasi zilizosokotana chini yake hata mtu mzima hapiti ila kwa kutambaa. Humo ndimo sungura wanamoshinda mchana kutwa.

Sungura wa porini kwetu si yule anayefugwa bandani. Yeye hachimbi shimo. Hujilaza juu ya ardhi penye kibonde kidogo cha ukubwa wa mwili wake, masikio ameyabana mgongoni, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Kinga yake ni kutulia, na kutulia kukishindikana, ni miguu. Unaweza kumpita hatua mbili tatu asitikisike. Kwa hiyo huwezi kumfukua wala kumzibia mlango. Lazima kiumbe kingine kiingie kimtoe. Na akitoka hakimbii moja kwa moja. Hukata kona, huzunguka, mara nyingi hurudi karibu na alikotolewa, kwa kuwa eneo lake analijua.

Ndiyo maana wazee walitaka mbwa wawili wenye kazi tofauti. Wa kwanza aingie kichakani, wa pili mwenye miguu mirefu asubiri nje, penye uwazi. Wa pili hakuwa na shida kupatikana, maana mbwa yeyote hupenda kukimbiza kinachokimbia. Taabu ilikuwa yule wa kuingia.

Babu alikuwa na jike dogo la rangi ya udongo, jina lake Sijali, jina ambalo kila jirani alihisi amesemwa yeye. Akifika penye kichaka hakuvamia. Alizunguka kwanza upande unakotoka upepo hadi ule unakokwenda, pua chini, mkia umesimama. Akiipata harufu, mkia ulianza kutetema nchani tu, akabonyea tumbo mpaka likagusa majani, akapenya chini ya miiba pale ambapo wewe huoni hata njia ya panya. Kisha kimya. Ulisikia jani kavu moja, la pili, halafu mlio mmoja mfupi, na papo hapo sungura alikuwa ameshatokea upande wa pili. Sijali alitoka nyuma yake na damu kidogo puani, akakaa kumtazama babu.

Watoto wake walipofikisha umri wa kula ugali, babu aliwapima. Walipozunguka kigae chao alidondosha mfuniko wa sufuria nyuma yao. Wote walitawanyika, yeye alimtafuta aliyekuwa wa kwanza kurudi kula. Jioni aliburuta ngozi ya sungura kwenye nyasi, akawaachia. Aliyeinua kichwa kutafuta kwa macho alimpa mtu mwingine. Aliyeshusha pua alibaki. Mwisho alitazama umbo: masikio yaliyosimama, kwa sababu yanayoning'inia hupasuliwa na vikwata, manyoya mafupi yasiyobeba vishada vya miiba, na kifua chembamba. "Mwanangu," aliniambia, "mbwa wa kichakani asiwe mkubwa hata akakizunguka kichaka badala ya kukiingia, wala asiwe mdogo hata mwiba mmoja ukamrudisha nyumbani."

Babu alikuwa Mwislamu, na wapo waliomshangaa kwa kufuga mbwa. Kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ndiyo maana Sijali hakuvuka kizingiti na alikuwa na kigae chake. Lakini Suratul Maida, aya ya 4, inaruhusu kula kilichokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda, jina la Mungu likitajwa, na sharti amkamatie mwenyewe, si nafsi yake. Mbwa aliyeanza kula windo alikuwa amefukuzwa kazi kwa hukumu mbili, ya dini na ya tumbo. Jirani yetu Msabato naye hakula sungura kabisa, kwa kuwa Mambo ya Walawi inamhesabu najisi, ila mbwa wake alikuwa hodari kuliko wetu. Siku za mgawo yeye alichukua kanga, sisi sungura, wala hapakuwa na ugomvi.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1995. Msitu wa Mgori, takriban hekta 40,000, ulikuwa mbioni kufanywa hifadhi ya serikali. Baada ya mazungumzo ukakabidhiwa vijiji vitano vinavyouzunguka. Kila kijiji kiliweka mipaka ya sehemu yake, kikatunga sheria ndogo, kikachagua walinzi wake. Babati walikuwa wamefanya vivyo hivyo huko Duru-Haitemba, na misitu hiyo miwili ikawa mfano uliotajwa sana hata kabla ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Kuwinda bila leseni kulikuwa kosa tangu zamani; Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974 ilishasema, na ile ya 2009 iliyoirithi haikulegeza. Tofauti ni kwamba zamani sheria ilikaa mjini. Sasa ilikuwa inalala nyumba ya tatu kutoka kwako. Mjomba wangu alichaguliwa mlinzi, na ukitoka alfajiri na mbwa wawili na rungu ulikuwa unapishana na mtu wa kumwamkia shikamoo, naye anakuuliza kwa upole unaelekea wapi. Watu waliacha. Miti ilipona, chemchemi zikapata kivuli, na sikumbuki mzee aliyesema hadharani kwamba ingekuwa heri tuendelee.

Kilichopotea kimyakimya ni ule upimaji. Kama hakuna msako, hakuna wa kudondosha mfuniko wala kuburuta ngozi. Majike yale yalizeeka yakafa, watoto wakachukuliwa na yeyote aliyetaka kitu cha kubweka usiku. Haikuchukua miaka mingi tukawa na mbwa wa umbo lilelile, rangi ileile, ambao hawaingii kichakani hata kwa kusukumwa.

Pengo hilo likajazwa na mbwa wa mjini. Vijana waliorudi kutoka Arusha na Dar es Salaam walikuja na maneno ya mbegu. Mmoja alileta dume lenye manyoya mengi na masikio marefu, aliloambiwa ni la uwindaji Ulaya. Huenda ni kweli. Wiki ya kwanza lilitoka vichakani limejaa miiba mpaka kwapani, tukaketi kulinyofoa hadi giza. Baadaye ndorobo wa msituni walilipata. Likakonda, macho yakaingia ukungu mweupe, likafa. Bwana mifugo alitueleza kwamba ukungu ule ni dalili ya ugonjwa wa ndorobo kwa mbwa, na kwamba mbwa wa kigeni ndio wanaouawa upesi zaidi.

Baadaye nilisoma habari za mbwa hao, nikaona kwamba kila mmoja alitengenezwa na kichaka cha kwao. Beagle wa Uingereza alifugwa afuate harufu ya sungura kwa kundi huku akilia njia nzima, ili mwindaji wa miguu ajue mbio zimeelekea wapi. Spaniel alifundishwa kupekua karibu, ndani ya masafa ya bunduki. Aliye karibu na mbwa wa babu ni basenji wa misitu ya Kongo: mdogo, masikio wima, manyoya mafupi, habweki, hata wenyewe humfunga kengele shingoni wapate kujua aliko. Waingereza walipowapeleka kwao mwaka 1895 walikufa kwa ugonjwa. Wakafanikiwa katika miaka ya 1930, na leo wana vyeti vya ukoo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha uchunguzi wa mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Waligundua kuwa mbwa wa Uganda, na wengi wa Misri, si machotara wa mbwa wa Ulaya; ni wenyeji wenye asili yao. Yule tunayemwita koko ana ukoo, ila hana cheti.

Siku hizi Mgori inalima alizeti, na pembeni kunde na choroko. Sungura huja usiku kula machipukizi, na asubuhi anarudi kichaka kilicho kandokando ya shamba. Kwa hiyo mbwa wa kuingia kichakani ametakiwa tena, ila nje hakuna anayesubiri na rungu. Kazi ni kumhamisha. Anatakiwa mbwa mwenye sauti, si yule wa kimya wa zamani, na akiitwa arudi, asimfuate sungura hadi msituni ambako kuna chui, na walinzi. Na apate chanjo ya kichaa kila mwaka, kwa kuwa kichakani hukutana na mbweha. Shirika la Afya Duniani linasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, kichaa hukosa njia ya kuenea.

Kijana akiniuliza anunue mbegu gani, namwambia asubiri msimu wa kunde, aende mashambani alfajiri, atazame jike gani linapenya vikwata na kurudi likiitwa. Kama halipo, hata akileta beagle mwenye cheti, uzao wa tatu utakuwa unalala chini ya mti. Ukoo wa mbwa haukai katika damu peke yake. Hudumu kwa watu wanaowapa mbwa kazi na kuchagua watoto kwa kazi hiyo, na shamba la kunde linatosha kuwa kazi.