Nyota Zilizokataa Kuwaka

Mama yangu alikuwa akitia wanga kanzu za watu pale Ng'ambo, Unguja, na mkorogaji wa uji wa muhogo nilikuwa mimi. Ukizidisha maji, kanzu inalegea. Ukiufanya mzito, kola inakauka kama kaki na kupasuka. Ningeambiwa wakati ule kwamba kazi hiyo ya beseni na mwiko ingekuja kunilisha miaka 19 huko Yorkshire, Uingereza, katika kiwanda cha fataki, ningecheka.

Niliingia kiwandani mwaka 1972. Waingereza huwasha fataki zao tarehe 5 Novemba, kukumbuka njama ya 1605 ya kulilipua Bunge lao, kwa hiyo watu hudhani kazi yetu ilikuwa ya mwezi huo. Kumbe ikifika Novemba sisi tumeshachoka nazo. Mabanda yalikuwa madogo, yametawanyika kwenye uwanja wenye umande, kila moja limezungukwa na tuta la udongo ili likilipuka lisiondoke na jirani yake. Mfukoni huruhusiwi kiberiti. Ovaroli ni ya pamba tupu, kwani nailoni huzaa cheche. Mlangoni palikuwa na bamba la shaba, unaligusa kwanza ili umeme wa mwilini ubaki hapo. Mimi nililigusa kila asubuhi kwa utulivu wa mtu anayetawadha, na wenzangu wakanitania kwa hilo mpaka nilipostaafu.

Kazi yangu ilikuwa nyota. Ile chembe ya rangi inayochanua angani ndiyo tuliyoiita nyota, nayo ukiiona mchana ni kidonge cha kijivu kisicho na sura, pengine ukubwa wa choroko, pengine wa zabibu. Wageni wote waliotutembelea waliuliza habari za rangi. Tukawajibu: nyekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, buluu ni shaba, na buluu ndiyo inayotutoa jasho kwa sababu moto ukizidi ukali kidogo tu inapauka. Wakaridhika, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kidonge kimeshikanishwa na nini.

Msimamizi wangu, mama wa makamo aliyeanza kazi pale akiwa na miaka 15, aliniwekea mabakuli mawili siku ya kwanza. "Nusa hili, kijana." Lilikuwa na unga wa rangi ya biskuti: dekstrini, yaani wanga uliokaangwa mkavu mpaka ukakubali kuyeyuka hata katika maji baridi. Ni gundi ile ile iliyopakwa kwenye bahasha zamani. Nilinusa, na kwa dakika nzima nilikuwa barazani kwetu. Bakuli la pili lilikuwa na utomvu mwekundu wa miti ya Australia. Huo maji hauyataki, unataka spiriti, na tena unaungua wenyewe, ukawa gundi na kuni kwa pamoja. Wanga ukiwa mwingi, kinyume chake, moto huzubaa. Wajapani, aliniambia, hutumia unga wa mchele wa kunata, wakaiviringisha nyota tabaka juu ya tabaka kuanzia kwenye punje ndogo ya mbegu.

Basi nami nikamletea habari za sandarusi, utomvu wa kwetu. Babu yangu aliichimba bara, nyuma ya Bagamoyo. Ile iliyokaa ardhini karne nyingi, ngozi yake ina vipele kama vya bata aliyenyonyolewa, ndiyo iliyokuwa na bei. Ile mbichi inayotoka mtini waliiita chakazi na kuidharau. Wamarekani wa mji wa Salem walikuwa wakiinunua Unguja tangu karne ya 19 kwa ajili ya vanishi. Niliagiza kipande kutoka nyumbani, tukakiweka ndani ya spiriti. Wiki nzima. Kikavimba kidogo, kikakaa kimya. Mama yule akakigeuza kwa kijiti cha mbao, akasema kitapendeza kwenye gitaa. Bado ninacho.

Gundi ukishaielewa, linabaki koti. Ganda lililobeba nyota linapopasuka angani, nyota hurushwa kwa kasi hata upepo wake wenyewe huizima. Ndiyo maana huvikwa tabaka la nje linalowaka upesi, la jamii ya baruti, lishikilie moto mpaka mwendo upungue. Lakini koti lazima lipatane na mwili. Baruti ina salfa, na salfa ikikutana na klorati iliyomo katika baadhi ya nyota hulipuka hata kwa kusuguliwa. Uingereza ilipiga marufuku mchanganyiko huo mwaka 1894, na sisi tulifundishwa tarehe hiyo kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la haraka. Mwaka 1978, oda imechelewa, nilizisogeza nyota za kijani karibu na hewa ya moto. Nje zikakauka na kufanya gamba, ndani maji yakafungiwa. Nikazigonga, zikalia kavu. Nikazivika koti, nikatia sahihi kwenye kadi.

Usiku wa maonyesho nilisimama nyuma ya kamba pamoja na umma. Ganda likapasuka, ua la kijani likafunguka likiwa na pengo upande mmoja, kama mdomo wa mzee. Watu wakapiga makofi. Msimamizi hakupiga. Kulipokucha tukaenda naye uwanjani na ndoo, kwani nyota isiyowaka haiachwi kwenye majani watoto waje kuiokota. Koti lilikuwa limebanduka kama rangi ya dau la zamani. Tulikusanya 41. Alizihesabu kwa sauti, moja moja, nami nikishika ndoo, na hakusema neno jingine mpaka tulipofika garini.

Sasa niko Unguja. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, fashifashi za Mapinduzi zinapoanza, wajukuu hunivuta kwenda kutazama. Wao hutazama palipo na rangi. Mwaka huu mdogo wao aliniuliza, "Babu, mbona unatazama kwenye giza?" Nikamwambia asubiri, ninahesabu.